Siku nne kwenye tope la Barcoo: uchambuzi wa kisa cha kambi ya bure

Kisa hiki ni chetu, mimi na mume wangu. Kilitokea mwezi wa Julai katikati ya Queensland, Australia, kwenye kambi ya bure ukingoni mwa mto Barcoo, kilomita 11 nje ya lami. Mji uliokuwa karibu siutaji, kwa sababu hakuna mtu wa pale aliyetukosea. Makosa ni yetu.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi. Kazini kwetu jambo likienda kombo, hata kama mgonjwa amepona na kurudi kwao, watu hukaa chini wakalipitia saa kwa saa: tulijua nini, tulikijua lini, na tulifanya nini na tulichokijua. Nimeamua kukipitia kisa chetu kwa namna hiyohiyo. Ninachotaka kukielewa ni kimoja: kwa nini watu wawili wenye akili timamu, wenye taarifa ya hali ya hewa mkononi, walilala usiku mmoja zaidi mahali walipojua kwamba mvua ikinyesha patawanasa?

Kwa ambaye hajawahi kuyaona maisha haya, nianze na chombo chenyewe. Karavani yetu ni nyumba ndogo ya magurudumu manne inayokokotwa na gari. Ina kitanda, jiko la gesi, friji, bafu la kujibana na choo. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, pamoja na mizigo, ni kilo 2,700. Ina tenki mbili za maji safi, kila moja lita 95. Ina betri ya lithiamu ya ampea-saa 200, na juu ya paa paneli za sola za wati 400. Choo chake hakiunganishwi na bomba lolote. Kinachopokea uchafu ni kaseti ya plastiki ya lita 18 hivi, unayoivuta kama mkoba na kwenda kuimwaga kwenye shimo maalumu la majitaka mjini.

Wazee wa Australia wana desturi ambayo nimeipenda tangu tuhamie huku. Baridi ikianza kusini, wengi hufunga nyumba zao, hufunga karavani nyuma ya gari, kisha hufuata joto kaskazini hadi Septemba au Oktoba. Njiani wana namna mbili za kulala. Kuna viwanja vya kulipia, vyenye umeme, bomba na mabafu, ambapo usiku mmoja ulitugharimu dola 40 hadi 50. Na kuna kambi za bure au za mchango: kando ya mto, nyuma ya uwanja wa maonyesho, au penye bwawa nje ya mji. Huko hakuna umeme wala bomba. Unaishi kwa ulichobeba, na taka zako unaondoka nazo.

Tulitoka Toowoomba tukashika barabara ya Warrego: Dalby, Roma, Mitchell, mpaka Morven. Hapo ndipo inapoanzia barabara ya Landsborough, inayopanda kaskazini-magharibi kupitia Augathella, Tambo, Blackall na Barcaldine. Kutoka mji hadi mji ni takriban kilomita 100, na katikati huoni kitu ila nyasi, ng'ombe, mizoga ya kangaruu, na malori yenye matela mawili hadi matatu ambayo yakikupita karavani nzima inatikisika. Ukiingia mjini unakuta barabara pana kuliko mahitaji yake, hoteli ya zamani yenye baraza ya mbao, duka la mikate, mnara wa kumbukumbu ya askari, na tenki la maji juu ya nguzo. Blackall ilinigusa kuliko miji mingine. Karibu na hapo, mwaka 1892, Jackie Howe alikata manyoya ya kondoo 321 kwa siku moja kwa mkasi wa mkono, na kiwanda cha mvuke cha kufulia sufu kilichofanya kazi tangu 1908 hadi 1978 bado kimesimama na mitambo yake.

Maji ya ukanda ule hutoka chini sana ardhini, yakiwa ya moto, na ukifungua bomba unapata kwanza harufu ya yai viza. Ni maji ya Great Artesian Basin, hazina iliyotandaa chini ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.7, karibu mara mbili ya Tanzania. Yakipoa harufu huondoka na yananyweka vizuri. Tulijaza tenki zote mbili katika mji wa mwisho kabla ya kuiacha lami. Hilo nalihesabu miongoni mwa mambo tuliyofanya sawa.

Jumatatu hadi Jumatano

Tulifika kambini Jumatatu mchana. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu, imepasuka nyufa za kuingiza mkono. Mimi nimekulia Shinyanga. Udongo ule niliujua kabla sijaukanyaga: ni ule mweusi wa mbugani, ambao kiangazi ni jiwe na masika ni gundi. Watu wa Mwea na wa nyanda za Athi kule Kenya nao wanaujua. Chembe zake hunyonya maji zikavimba, nyufa zikafumba, na juu pakabaki utelezi unaonata. Hunata kwenye tairi safu kwa safu mpaka gurudumu linakuwa duara la tope na nafasi iliyo chini ya bodi inajaa. Hapo gari la magurudumu manne yenye nguvu na baiskeli hali yao ni moja.

Na kama vile hilo halikutosha, kwenye njia ya kuingilia palikuwa na kibao cha halmashauri: njia haipitiki ikinyesha. Ruhusa ya kukaa ilikuwa siku tatu.

Mahali penyewe palikuwa pazuri mno. Mikalitusi mikubwa imeinamia maji, kasuku weupe wanapiga kelele machweo, na usiku nyota zimejaa mpaka unajikuta unaongea kwa sauti ya chini. Barcoo hutiririka kuelekea kusini-magharibi, hukutana na mto Thomson karibu na Windorah, na inapoungana nao jina linabadilika kuwa Cooper Creek, yaani kijito cha Cooper. Wenyeji huwaambia wageni kwa fahari kwamba kwao mito miwili ndiyo inayozaa kijito kimoja.

Jumanne jioni mume wangu alisoma utabiri kwa sauti: mvua ya milimita 20 hadi 40, kuanzia Jumatano usiku. Jumatano asubuhi tulikuwa karavani saba pale. Kufikia saa sita mchana, nne zilikuwa zimeondoka.

Sisi tulibaki. Nimejaribu kukumbuka tuliambiana nini saa nne ile ya asubuhi, na ninaona hatukufanya uamuzi wowote. Mume wangu alikuwa na ndoano majini. Mimi nilikuwa nimefua na nguo ziko kambani. Tukasema utabiri wa wiki iliyopita ulikosea. Tukasema kwenye kiwanja cha kulipia tutatoa dola 45, na hapa ni bure. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitilia mkazo. Kiwanja cha kulipia kina saa ya kutoka. Mtu hugonga, hukuuliza kama unaongeza usiku, na swali hilo hukulazimisha kufikiri. Kwenye kambi ya bure hakuna anayekuuliza. Kukaa kunajiendea kwenyewe, bila mtu kukuchagulia wala wewe kuchagua. Wenye zile karavani nne zilizoondoka walikuwa wamejiuliza wenyewe.

Mvua ilianza saa tatu usiku.

Alhamisi

Asubuhi kopo la mvua la majirani, wazee wawili kutoka Victoria, lilionyesha milimita 31. Nilishuka kwenye ngazi ya karavani nikapoteza kiatu hatua ya pili.

Karavani ya tatu ilikuwa ya vijana wawili waliokuwa na kazi ya kuwahi. Walishusha upepo wa tairi, jambo ambalo ni sahihi, kwa sababu tairi laini hukanyaga eneo kubwa zaidi. Kisha wakaondoka. Walikwenda kama mita mia tatu. Karavani ikaanza kutembea upande, ikalivuta gari, na vyote viwili vikakaa mtaroni. Walikaa huko mpaka Jumapili, na mitaro waliyoichimba kwa magurudumu yao ilifika magotini.

Hapo ndipo tulipogombana. Mume wangu ni mtu wa Tanga. Anajua mchanga, na mchanga hukuachia ukiwa mwepesi na mwenye kasi. "Mama, tukipunguza uzito tunatoka," akaniambia. "Tumwage maji yote, tubaki na dumu moja la kunywa."

Niliomba karatasi. Tulikuwa tunatumia kama lita 25 kwa siku, wote wawili, kwa kunywa, kupika, vyombo na kuoga kwa haraka. Kati ya lita 190 zilikuwa zimebaki kama 130. Lita moja ni kilo moja. Karavani yetu siku ile ilikuwa na kilo kama 2,600. Kumwaga maji yote kungepunguza uzito kwa asilimia 5, huku gari lenyewe, ambalo nalo lina zaidi ya tani mbili, likibaki vilevile. Asilimia 5 haimtoi mtu kwenye udongo ule. Lita 130 kwa watu wawili ni siku tano za maisha ya kawaida, na zaidi ya kumi ukibana. "Hatumwagi hata kikombe," nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kuchomeka kijiti ukingoni mwa mto.

Kijiti kile kilikuwa wazo lake, nami nampa haki yake: lilikuwa wazo bora kuliko yote ya juma lile. Sote tulikuwa tunalitazama tope, yeye akautazama mto. Mvua iliyonyesha juu, upande wa Tambo, hufika chini siku kadhaa baadaye, hata jua likiwa limekwisha kuwaka. Machi 2025 maji ya mito ya eneo hili yalizifunika Adavale, Jundah na Thargomindah, na wafugaji walipoteza mifugo zaidi ya laki moja. Tulikuwa tumeegesha kwenye kingo ya juu, na tulikuwa tumeona kilima cha mawe kama mita mia nne nyuma yetu, tunakoweza kwenda kwa miguu. Tukakubaliana: maji yakipita alama ya tatu ya kijiti, tunabeba dawa, maji na blanketi, tunaiacha karavani. Mto ulipanda urefu wa mkono mmoja, ukasimama, Jumamosi ukaanza kushuka.

Jioni mfugaji wa jirani alisikika kwenye redio ya mawasiliano ya gari. Alisema barabara imefungwa rasmi na tungoje siku mbili za jua na upepo. Siku moja ya jua haitoshi, alisema, kwa sababu juu hukauka likawa gamba na chini pakabaki uji. Queensland kukipita kibao cha barabara iliyofungwa ni kosa lenye faini. Mimi faini haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni ile mitaro ya vijana. Halmashauri ya Barcoo, kwa mfano, ina eneo la kilomita za mraba kama 62,000 na wakazi wasiofika 500. Watu wachache namna hiyo ndio wanaobeba kazi ya kuchonga upya njia ambazo wageni tumeziharibu.

Nilipiga simu ofisi ya halmashauri pale mtandao uliposhika, nikaeleza tuko wangapi, tuna maji na chakula kiasi gani, na kwamba siku tatu zetu za ruhusa zimekwisha lakini hatuwezi kutoka. Yule mama aliyepokea aliandika kila kitu. Akaniuliza kama kuna mwenye ugonjwa. Nikamwambia mume wangu anatumia insulini.

Ijumaa na Jumamosi

Kitu cha kwanza kuisha hakikuwa maji. Nilidhani yatatangulia maji, kila mtu hudhani hivyo. Ijumaa saa sita kaseti ya choo ilijaa.

Ukipiga hesabu ni wazi: lita 18, watu wawili, siku tatu hadi nne basi. Sisi tulikuwa tumeimwaga Jumatatu asubuhi. Katika daftari letu la safari tulikuwa tumeandika kwa mistari mizuri lita za maji, kilo za gesi, lita za dizeli. Nafasi iliyobaki kwenye kaseti hatukuwahi kuiandika. Mtu huhesabu kinachoingia. Kwenye kambi isiyo na bomba kinachokutoa mapema ni kile unachozalisha.

Kaseti ina dawa ya kemikali, kwa hiyo haimwagwi porini wala haifukiwi, hata kwa kina cha mita moja. Tukaifunga, tukachukua sepeto. Kila safari ilikuwa zaidi ya mita mia kutoka majini, upande wa juu, shimo la sentimita 20 hadi 30, kisha udongo kurudishwa. Kwenye tope lile kazi hiyo ilichukua nusu saa na jozi mbili za viatu. Ninaisema waziwazi kwa sababu watu hawaisemi, na kambi nyingi zimefungwa na halmashauri kwa sababu ya karatasi za chooni zilizotapakaa nyuma ya miti.

Umeme ulikuwa wa pili. Friji, taa, pampu, simu na hita ya dizeli vilikula kama ampea-saa 75 kwa siku. Mawingu ya Alhamisi yaliturudishia 20, ya Ijumaa 15. Ijumaa machweo betri ilisoma 85 kati ya 200. Usiku wa Julai huko joto hushuka hadi digrii chache juu ya sifuri, hivyo nilizima friji saa mbili usiku na kuiwasha asubuhi, mlango haukufunguliwa. Kalamu ya insulini iliyokwisha kufunguliwa hukaa nje bila shida. Wasiwasi wangu ulikuwa zile za akiba, nazo zilibaki baridi. Jenereta hatukuwa nayo. Kama mawingu yangeendelea mpaka Jumatatu, ningewasha injini ya gari kuchaji, nalo ni jambo linalowezekana ilimradi una dizeli. Tulikuwa tumejaza tangi la gari kabla ya kuiacha lami. Hilo pia tulifanya sawa.

Jumamosi jua likatoka. Asubuhi ile yule mzee wa Victoria alitembea mpaka kwetu, akazungumza habari za samaki, za kasuku, za mjukuu wake, mpaka mke wake akaja nyuma yake akasema wameishiwa maji. Tenki lao lilikuwa moja, na walikuja nalo nusu, ili karavani iwe nyepesi barabarani. Maji ya mto yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na upande wa juu wa mto walikuwa wamepita kondoo.

Tuliwapa lita 20 kwenye dumu. Mume wangu ndiye aliyezichota. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu.

Mchana huo nilikanda unga nikapika chapati kumi na mbili na maharage, nikawapelekea sahani. Vijana wa mtaroni nao wakaja kwa miguu wakala.

Kutoka

Jumapili upepo ulivuma kutwa. Jumatatu asubuhi halmashauri ilifungua njia, trekta la mfugaji likiwa limekwisha kuwavuta vijana. Tulitoka wa mwisho, mwendo wa mtu anayetembea haraka, tairi laini, bila kugusa breki mahali penye utelezi. Kilomita 11 zilituchukua dakika hamsini.

Nimepitia hesabu ya fedha pia. Kwa kubaki Jumatano tuliokoa dola 45. Mjini tulilala usiku mbili kwenye kiwanja cha kulipia, dola 90, kwa sababu tope lilikuwa mpaka ndani ya kitanda. Tulinunua viatu, mikate, nyama, dizeli, tukafua kwa mashine za sarafu, tukatia mchango kwenye sanduku la kambi. Wamiliki wa viwanja vya kulipia katika miji hii hulalamika kwamba halmashauri inashindana nao kwa kugawa bure, nao wana kodi na bima za kulipa. Malalamiko yao si ya kijicho. Lakini nimeona pia miji iliyojiandikisha kwenye mpango wa miji rafiki wa chama cha wasafiri, CMCA, unaotaka mji uwe na shimo la majitaka, maji ya kunywa, maegesho ya magari marefu na mahali pa kulala kwa bei nafuu. Miji hiyo huwapata watu wanaopita, na anayepita hununua. Kwa maoni yangu kambi ya bure iwepo, na ruhusa ya kuitumia itegemee uwezo wa mtu kubeba taka zake kwa siku nyingi kuliko alizopanga kukaa. Sisi siku ile tusingestahili kupewa. Sasa tuna kaseti ya pili.

Kwenye shimo la majitaka la mjini tulikuta foleni, magari yote yana tope mpaka madirishani. Wazee wa Victoria walikuwa mbele yetu. Yule bibi alipotuona alirudi garini kwake, akaniletea sahani yangu ikiwa imeoshwa, na ndani yake mandarini sita.